Askofu wa Vyoo

Kwa miaka kumi na tisa ya uaskofu wake alikuwa ameweka mikono juu ya vichwa elfu ishirini na nne na ushei vya watu waliokuja kupata kipaimara. Vichwa vya kila namna: vilivyonyolewa upara, vilivyosukwa, vilivyopakwa mafuta hadi yakamchuruzikia kwenye mikono ya joho, na kimoja chenye wigi lililobaki mkononi mwake mbele ya kanisa zima. Vyote alivigusa kwa upole na vyote aliviombea. Ila kichwa chake mwenyewe, hiki kilichovaa ile kofia ndefu ya kiaskofu, hakikuwahi kuwekewa mikono ya kipaimara na mtu yeyote, na jambo hilo alilijua tangu akiwa na miaka kumi na mitatu.

Kwa wasiojua mambo ya Kianglikana, ni hivi. Mtoto akibatizwa, wakubwa wanamwahidi Mungu kwa niaba yake. Akipata akili anafundishwa, anasimama mbele ya watu, anasema kwa mdomo wake kwamba ahadi zile anazikubali, na askofu anamwekea mikono. Asiyepitia hapo haendi Meza ya Bwana, hachaguliwi mzee wa kanisa, na ukasisi asahau kabisa. Kwa hiyo askofu asiye na kipaimara ni kitu kisichowezekana, sawa na mwalimu mkuu ambaye hakuwahi kuandikishwa darasa la kwanza. Yeye aliwezekana.

Enzi za utoto wake, askofu alifika parokiani kwao mara moja kila baada ya miaka mitatu, na safari hiyo watu walipiga chokaa hadi mawe ya njiani. Mama yake, fundi cherehani, alimshonea suti ya bluu kubwa kwa makusudi, imfae miaka mingine minne. Ndugu kumi na mmoja walifika, wengine kwa safari ya siku mbili. Kasisi wa parokia alikuwa mtu wa mwandiko mzuri na aliujua uzuri wake, akaandika vyeti vyote tangu Jumatano, majina, tarehe na mhuri, ili Jumapili yenyewe chakula kisipoe. Watoto thelathini na sita wakapanga mstari. Wimbo wa pili ulipoanza, tumbo la mvulana likakoroga. Alijikaza kisabuni beti mbili nzima, na ubeti wa tatu ulimkuta mbio kuelekea choo cha nyuma ya kanisa, suruali ameishikilia kwa mikono miwili.

Aliporudi, mstari ulikuwa umekwisha. Askofu ameketi anajifuta jasho, kasisi anagawa vyeti. Jina lake likaitwa. Mama yake akasimama kwenye benchi ili amwone vizuri, na ndugu kumi na mmoja wakageuza shingo. Angefanya nini, jamani? Akaenda akapokea. Alijiambia kwamba atasema kesho, mama akishapumzika, lakini kesho yake ndugu walikuwa bado wapo, na Jumapili iliyofuata mama alikuwa ameshakitia cheti kwenye fremu.

Tangu siku hiyo maisha yake yakawa ya kutaka kusema ukweli, na kila alipofungua mdomo alipandishwa cheo.

Alipofika miaka kumi na minane alipiga moyo konde akamwendea kasisi yuleyule, akamweleza habari ya choo mwanzo hadi mwisho. Kasisi akafungua daftari, akalikuta jina pale, kwa mwandiko wake mwenyewe, akalitazama kwa mapenzi. Akasema kijana anayejiona hastahili hata alichokwisha kupewa ana wito mkubwa, na wito wa namna ile haufai kucheleweshwa. Mwezi haukuisha, kijana akajikuta chuo cha theolojia na godoro lake begani. Chuoni alimwambia mkuu wa chuo. Mkuu wa chuo akatokwa na machozi, akamfanya kiongozi wa wanafunzi. Siku tatu kabla ya kuwekwa wakfu kuwa shemasi alimwambia askofu, tena kwa magoti. Askofu akamwinua, akamkumbatia, akamwambia kwamba hata yeye, zilipokaribia siku zake, alijiona kana kwamba hakuwahi hata kubatizwa.

Mtu pekee aliyemwamini alikuwa mchumba wake. Huyo alikuwa muuguzi, na muuguzi hana tabia ya kubishia habari za tumbo. Alimsikiliza, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akauliza swali moja tu: kwa nini asiende akakipata? Naye akaanza maelezo. Kwamba ameshakuwa shemasi, kwamba shemasi hawezi kupanga foleni na watoto, kwamba watu watasemaje, kwamba mama yake ana presha. Mchumba akamwambia hayo maelezo yatakuwa marefu zaidi kila mwaka. Wakaoana, na maelezo yakarefuka kweli.

Jambo likageukia kwenye kazi yake, na hapo ndipo vituko vilipoanza. Alipopewa kusimamia masuala ya mafundisho katika dayosisi nzima, alijifungia wiki mbili akatoka na kitabu cha kurasa arobaini kilichoitwa Mwongozo wa Kipaimara. Darasa miezi tisa. Mtihani, na alama za kufaulu ni sitini. Cheti kisiandikwe hata herufi moja kabla mikono haijatua kichwani. Karani akae benchi la mbele, aandike akishuhudia kwa macho. Makasisi waliguna kwamba mwenzao amekuwa mkali kuliko Musa, ila hakuna aliyejua ukali ule unatoka wapi.

Sinodi ya kumchagua askofu ilipoitishwa, jina lake likapendekezwa. Akaandika barua kwa kamati ya uchaguzi kuomba liondolewe, na kwa kuwa alikuwa amechoka kueleweka vibaya, aliandika kwa maneno ya kawaida kabisa: hastahili, kwa sababu hana hata kipaimara. Kamati ikaguswa sana. Mwenyekiti akaisoma barua mbele ya wajumbe mia moja na themanini, na wagombea wengine wawili, waliposikia unyenyekevu wa namna ile, wakaona aibu wakajitoa wenyewe. Alipata kura zote isipokuwa moja, na hiyo moja ilikuwa yake.

Akiwa askofu, hakuanzisha ibada ya kipaimara hata siku moja kabla wazee wa kanisa hawajaenda kukagua vyoo. Alisimama madhabahuni na fimbo yake mkononi, kwaya imemaliza nyimbo zote inazozijua, akisubiri mzee arudi kusema hakuna mtoto huko nje. Waumini walisema huyu ndiye mchungaji wa kweli anayemtafuta kondoo mmoja aliyepotea. Tena hakukubali kuzindua kanisa jipya lisilo na choo kizuri, na kiwe karibu, hatua zisizozidi thelathini kutoka mlango wa pembeni, alizihesabu mwenyewe kwa miguu akiwa na joho. Miaka kumi na tisa, vyoo mia moja arobaini na viwili. Watu wa afya walimpa ngao. Na watani wakampa jina, Askofu wa Vyoo, jina lililomfuata mpaka kwenye kadi za mwaliko.

Alijaribu mara ya mwisho kwa Askofu Mkuu, kwenye mapumziko ya maaskofu, wakiwa wawili tu kwenye baraza. Askofu Mkuu alicheka mpaka miwani ikaanguka, akaisimulia ile habari kwenye mkutano uliofuata kama kichekesho bora cha mwaka. Askofu wetu alirudi nyumbani, akamwambia mkewe basi, yaishe, atakufa hivyohivyo. Usingizi ukawa wa shida. Kila alipowawekea watoto mikono aliwatazama wakiinuka wepesi kutoka magotini, akawaonea wivu, na akajionea aibu kwa wivu ule.

Siku ya kustaafu ikafika. Ibada ya kumuaga ilijaza kanisa kuu mpaka uani, watu elfu mbili. Akaweka kando hotuba aliyoandikiwa, akasema ukweli wote. Alitaja suti ya bluu, alitaja tumbo, alitaja vyeti vya Jumatano. Alisema kwa sauti isiyotetemeka kwamba mimi, askofu wenu, sijawahi kupata kipaimara, na naomba mnisamehe. Kanisa likalipuka kwa makofi. Wanawake walilia. Kwaya ikaingia na wimbo bila kuambiwa. Msajili wa dayosisi, mwanasheria aliyetunza nyaraka zote za kanisa, alimshika mkono mlangoni akasema hajawahi kusikia mahubiri yenye mfano mzito kama ule, na aliomba nakala.

Jioni alikaa kitandani na soksi moja mguuni. "Nimesema mbele ya watu elfu mbili," alimwambia mkewe, "na hakuna hata mmoja aliyenisikia."

"Uliwaambia watu wengi, baba watoto. Mtafute mmoja, halafu umwambie unataka nini. Miaka yote hii unawaambia ulichokosa, hujawahi kuomba upewe."

Aliwaza hilo mpaka soksi ya pili. Ni kweli, hakuwahi kuomba. Alikuwa amekiri kwa wakubwa wanne na Sinodi moja, na hata mmoja hakumwambia: nipe.

Aliyechukua nafasi yake alikuwa mama mmoja aliyefundisha hisabati miaka ishirini kabla ya kuwa kasisi. Wanafunzi wake walimwita Mama Rula, kwa sababu ya rula ya mbao aliyotembea nayo, na jina likahamia naye kanisani pamoja na rula yenyewe. Alikuwa hacheki ovyo. Askofu mstaafu alimkuta ofisini, ile ofisi iliyokuwa yake, makabati yamehamishwa, akakaa kwenye kiti cha wageni ambacho hakuwahi kukikalia, akagundua kuwa kina mguu mfupi. Akamweleza. Mama Rula hakulia wala hakumkumbatia. Aliuliza maswali: mstari ulikuwa na watoto wangapi, choo kilikuwa umbali gani, wimbo ulikuwa na beti ngapi. Alipomaliza kuandika aliweka kalamu chini.

"Kwa hiyo hukuwekewa mikono."

"Sikuwekewa, Mama Askofu. Nimekuja kuomba niwekewe."

"Sawa. Darasa linaanza Jumanne saa kumi jioni. Uje na daftari."

Mzee wa watu alipigwa na butwaa. Miaka hamsini na miwili, na hatimaye mtu amesema sawa. Ila akili yake ya kiaskofu ilikuwa haijalala, akauliza kwa adabu kama haiwezekani jambo likafanyika pale pale, kanisa dogo la ofisi si lipo tu hapo pembeni, ni dakika tano. Mama Rula akatoa kabatini kitabu cha kurasa arobaini, akakifungua ukurasa wa nne, akakigeuza, akaweka rula chini ya mstari mmoja.

Mzee akasoma maneno yake mwenyewe: hakuna atakayesamehewa darasa, awe mtoto wa nani, awe na umri gani, awe na cheo gani.

"Na Meza ya Bwana," Mama Rula akaongeza, na safari hii sauti ilishuka kidogo, "utasubiri mpaka siku hiyo. Unajua ni ukurasa upi."

Alijua. Ni wa saba.

Msajili alipopata habari kwamba ule mfano haukuwa mfano, alikuja mbio mpaka kiatu kimoja kikafunguka kamba. Akawakuta wote wawili ofisini, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mtu asiye na kipaimara alipewaje ushemasi? Bila ushemasi, ukasisi ulitoka wapi? Bila ukasisi, uaskofu je? Na makasisi tisini na wanne aliowaweka wakfu, na watoto waliobatizwa na hao tisini na wanne, na ndoa. Alipofika kwenye ndoa sauti ilimpotea. Yeye mwenyewe alifungishwa ndoa na mmoja wa hao, miaka kumi na mmoja iliyopita. Akatazama dirishani, na uso wake ukawa wa mtu anayepiga hesabu ambayo haogopi sana jibu lake.

"Ndoa yako ni nzima," Mama Rula akamwambia. "Neema haiharibiki kwa kupita mikononi mwa mtu aliyepungukiwa. Kanisa linafundisha hivyo tangu zamani. Waliopokea wamepokea. Aliyekosa ni mmoja, na ameshakuja."

Msajili akashusha pumzi, sijui ni ya nafuu au ya nini. Kisha, kwa kuwa mtu wa nyaraka haachi kazi yake, akaja na njia ya mkato. Kwani kuna haja gani ya watu kujua? Yeye Msajili aandike barua moja ya kusahihisha kumbukumbu, ofisi ipige mhuri, itiwe kwenye faili, mambo kwisha. Mzee apumzike nyumbani kwa heshima zake.

Hapo askofu mstaafu, mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumkaripia hata dereva, alisimama. Kiti kikayumba kwa nyuma.

"Mhuri ninao," alisema. "Cheti ninacho ukutani, kina fremu, mama yangu alikifuta vumbi kila Jumamosi mpaka akafa. Karatasi zimenijaa. Mimi nataka mikono kichwani."

Msajili akainama akafunga kamba ya kiatu.

Jumanne saa kumi kasoro robo mzee alifika kwenye chumba cha nyuma ya kanisa kuu na daftari ambalo mkewe alilivalisha jalada la gazeti. Watoto walikuwa ishirini na saba, yeye wa ishirini na nane. Madawati yalikuwa ya kitoto, magoti yakamfika kidevuni. Mwalimu alikuwa katekista, fundi wa kutengeneza redio na pasi, ambaye leseni yake ya kufundisha ilitiwa sahihi na mwanafunzi huyuhuyu aliyeketi mstari wa tatu. Alipofika kwenye jina la mzee katika kuita mahudhurio alikwama, akakohoa, akaandika yupo bila kuita. Wiki nne za mwanzo kila alichofundisha alikimalizia kwa kumtazama mzee ili aone kama kipo sawa, na mzee, kwa nia njema kabisa, alikuwa anasahihisha. Ikabidi Mama Rula aje mwenyewe na rula yake kumwambia mwanafunzi wa mstari wa tatu asijibu mpaka ameulizwa.

Mtihani wa nusu ya kwanza alifeli. Ndiyo, alifeli, alipata hamsini na nne. Swali liliuliza kipaimara ni nini, naye akajaza kurasa tano, akaanza na mababa wa kanisa wa kale, kengele ikalia yuko bado kwenye karne ya nne na maswali tisa hajayagusa. Katekista alitamani kumwongezea alama, lakini mwongozo wa kusahihisha ulisema wazi asiyejibu hapati alama, na aliyeuandika ni nani? Usijisumbue kuuliza.

Aliyemwokoa alikuwa jirani yake wa dawati, binti wa fundi bomba, miaka kumi na miwili, aliyepata themanini na nane na hakuona sababu ya kuficha. Aliichukua karatasi ya mzee, akaisoma kwa huruma ya daktari.

"Babu, wewe unaeleza sana," alimwambia. "Usieleze. Jibu."

Kuanzia siku hiyo walibaki nusu saa kila Jumanne, binti anauliza kutoka kwenye kitabu, mzee anajibu. Akizidisha sentensi mbili, binti anagonga dawati. Ilimchukua miezi miwili kujifunza kusema jambo na kukoma.

Darasa lilikuwa rahisi ukilinganisha na Jumapili. Wakati wa Meza ya Bwana benchi lote linainuka kwenda mbele, na yeye anabaki amekaa, amekunja mikono, mbele ya watu aliowalisha mkate ule kwa miaka yote. Jumapili ya kwanza watu walidhani anaumwa mguu. Ya tatu wakaanza kunong'ona. Ya sita habari zilikuwa zimekamilika: ameiba mabati ya vyoo, hapana, ana mke wa pili, hapana, amehamia dhehebu lingine ila anaona aibu kuondoka. Akina mama wa umoja wa kanisa walimwendea mkewe na vyombo vya chai, wakamzungukazunguka, mwishowe wakamuuliza. Mkewe akawaambia wazi kwamba mumewe hajapata kipaimara, anasoma, akifaulu atakula. Wale akina mama walitazamana. Walipotoka nje walisemezana kwamba kweli yule ni mke, namna anavyomfichia mumewe.

Ilimuuma, tusidanganyane. Kuna Jumapili alirudi nyumbani akavua viatu mlangoni akasema haendi tena, wala Jumanne haendi, kwani akifa bila kipaimara Mungu atamfukuza? Mkewe alikuwa anapiga pasi. Alimwambia kwamba Mungu hatamfukuza, ila yeye mkewe amelala pembeni ya mtu asiyelala kwa miaka thelathini na minane, na angependa kujua usingizi wa mume ukoje. Jumanne akamkabidhi daftari mlangoni. Akaenda.

Mtihani wa mwisho alipata sabini na moja. Aliisoma ile karatasi mara tatu njiani, na jirani yake wa dawati, aliyepata tisini na tatu, alimwambia kwa uungwana kwamba amejitahidi.

Siku yenyewe kanisa lilijaa kuliko siku ya kuagwa. Habari zilikuwa zimeenea kwamba askofu mstaafu atapanga foleni na watoto, na kila mtu alikuwa na maelezo yake: anawafundisha watoto unyenyekevu, anaigiza, anatimiza nadhiri. Simu ziliinuliwa juu kutoka benchi la kwanza hadi la mwisho. Msajili alikaa karibu na karani wa vyeti, ambaye kalamu yake ilikuwa bado imefungwa. Mzee alikuwa na shati jeupe na suruali nyeusi, hakuna joho, hakuna pete, hakuna msalaba kifuani. Tangu jana mchana mkewe hakumruhusu kutia kitu tumboni zaidi ya uji mwepesi. Mstari ulifuata herufi za majina ya ubatizo, yeye akaangukia nafasi ya kumi na tano, na nyuma yake binti wa fundi bomba, gauni jeupe, viatu vinavyombana.

Mstari ulisogea. Kichwa cha kumi. Cha kumi na mbili. Akaogopa kwa ujinga kabisa kwamba kitatokea kitu: taa zitazimika, Mama Rula atazirai, paa litashuka. Hakikutokea kitu. Mtoto wa kumi na nne akainuka mwepesi kama wote, akaondoka, na mbele yake pakabaki mto wa kupigia magoti, umebonyea katikati.

Akapiga magoti. Goti la kushoto likalia, watu wa benchi la mbele wakalisikia, mmoja akatabasamu na simu yake.

Mama Rula alikuwa na orodha ya majina mkononi, ila hakuitazama. Akamwita kwa jina lake la ubatizo, jina peke yake, bila Baba, bila Askofu, bila Mstaafu. Mkewe humwita baba watoto. Makasisi humwita Baba Askofu, darasani Babu, mitaani lile jina la vyoo. Mtu wa mwisho kumwita hivi alivyoitwa sasa alikuwa mama yake, na mama yake ana miaka kumi na minne kaburini. Alisikia jina lile likipita juu ya mabenchi, akataka kuitika kama mtoto anavyoitika akiitwa kutoka uani.

Kisha mikono ikatua.

Ilikuwa mizito. Hilo hakulitegemea. Alikuwa ameweka yake juu ya watu elfu ishirini na nne akidhani anaiweka kidogo tu, na hakuwahi kujua kwamba kwa aliye chini mikono ni mizito na ina joto, na kwamba ikikaa hapo huwezi kushika kitu kingine chochote, hata aibu. Akalia. Hakulia kwa heshima kama wanavyolia maaskofu, kwa leso pembeni ya jicho. Alilia kwa sauti, mabega yanaruka, makamasi yanatoka, na hakuficha uso.

Simu zikaanza kushuka. Moja, tatu, benchi zima. Makofi yaliyokuwa yameandaliwa hayakupigwa. Msajili akainamisha kichwa, na nyuma kabisa kikasikika kilio cha mama mmoja wa wale waliopeleka vyombo vya chai, maana sasa alikuwa ameelewa alichoambiwa sebuleni miezi sita iliyopita. Mtu hawezi kuigiza vile.

Maombi yakaisha. Mama Rula akainua mikono yake. Karani akafungua kalamu. Mzee alibaki palepale, magoti kwenye mto, kichwa kimeinama, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Kidole kikamgonga mgongoni.

"Babu," binti wa fundi bomba akamnong'oneza, "sogea kidogo. Ni zamu yangu."

Akasogea.